Shaba, Moto na Musalaba: juu ya kazi ya wankambo wetu wa Katanga

Katekista mumoja wa upande wa ziwa Kisale alitufikia siku moja hapa Kamina. Alifungua kitambaa, akatoa kipande cha shaba chenye mikono mine, kizito, kilichokuwa cheusi kwa uzee. Muzee wa kijiji chake alikikuta katika udongo alipokuwa akilima. Katekista akatuuliza: « Padri, naweza kuwaambia Wakristo wangu kwamba wankambo wetu walijua Musalaba wa Bwana wetu mbele ya wamisionari kufika? » Alikuwa amekwisha kutayarisha fundisho lake la sikukuu ya Kutukuka kwa Musalaba, tarehe 14 Septemba, na alitaka kukiweka kipande kile karibu na altare.

Museminari mumoja aliyekuwa pale alikishika, akakipima mukononi, akacheka kidogo. Akasema: « Padri, hii si kazi ya wankambo. Shaba haiyeyuki mpaka ifike digri 1085. Moto wa kuni haufiki hapo. Kitu hiki kilitoka kwa Warabu ao kwa Wareno. »

Hatukuwajibu siku ile. Katekista aliwaongezea wankambo kitu wasichokuwa nacho, na museminari aliwanyanganya kitu kilichokuwa chao. Wote wawili walisema hivyo kwa nia njema, lakini historia haitengenezwi kwa nia njema peke yake. Leo tunataka kuwajibu, na tunadhani jibu lao ni moja: tujue ni nani aliyewasha moto, moto ule ulifanya nini ndani ya jiwe, na namna gani shaba ilipata sura ile ya mikono mine.

I. Ushuhuda wa makaburi

Tuanze na ardhi. Mashariki ya Kamina, kwa mwendo wa kilometa zaidi ya 150, muto Lualaba unapita katika bonde la Upemba lenye maziwa na mabwawa mengi. Moja la maziwa hayo ni Kisale, na kando yake kuko mahali panapoitwa Sanga. Katika miaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba pale makaburi ya watu wa zamani. Kisha Pierre de Maret, Mubelgiji, aliendelea na kazi hiyo katika sehemu mbalimbali za bonde, hasa katika miaka 1974 na 1975. Miaka ya makaburi ilijulikana kwa kupima kaboni iliyobaki katika makala na katika mifupa.

Walikuta nini? Tangu karne ya 8 hivi, watu wa bonde hilo walizikwa na vyungu vizuri, na vyombo vya chuma, na mapambo ya shaba: shanga, mikufu, bangili. Wakati huo wataalamu waliuita Kisaliani, kwa jina la ziwa. Katika kaburi moja la wakati huo fuawe la chuma liliwekwa karibu na kichwa cha marehemu. Mutu aliyezikwa hivyo hakuwa mutu wa bure. Baada ya hapo, kuanzia karne ya 13 ao ya 14 hata karne ya 18, ukaja wakati ulioitwa Kabambiani. Ndipo misalaba ya shaba ilipozidi. Kwanza ilikuwa mikubwa na michache, mara nyingi mumoja tu juu ya kifua cha maiti. Polepole ikawa midogo na mingi, yenye kipimo kinachofanana, ikiwekwa karibu na mikono ao kiunoni, kama vile mutu anavyobeba fedha zake. De Maret alieleza mageuzi hayo hivi: kitu cha heshima kiligeuka polepole kuwa fedha ya kununulia vitu vya kila siku.

Sasa tufikiri. Katika bonde la Upemba hakuna mawe ya shaba. Shaba ilitoka kusini, katika inchi ya Basanga na jirani zao, ambako leo kuko Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, mwendo wa kilometa zaidi ya 200. Wareno walifika kwenye mudomo wa muto Kongo katika mwaka 1482 na Diogo Cão. Wafanya biashara wa pwani ya mashariki walifika Katanga katika karne ya 19 tu. Lakini karne nyingi mbele yao, watu wa Kisale walikuwa wamekwisha kuvaa shaba shingoni. Basi, museminari wetu ameshindwa na hesabu ya miaka. Hakuna Murabu wala Mureno aliyeweza kuwauzia watu wa karne ya 8 bidhaa hiyo.

II. Kazi mbili za joto

Lakini museminari hakusema neno la miaka peke yake, alisema pia neno la fizika, na neno hilo lilikuwa nusu ya kweli. Ni hakika kwamba shaba inayeyuka kwa digri 1085. Ni hakika pia kwamba moto wa mafiga matatu haufiki hapo. Tunapaswa kueleza namna gani wankambo walipita mupaka huo.

Kwanza tutofautishe vitu viwili ambavyo watu wengi wanavichanganya: joto lenyewe, na kipimo cha joto kinachoonyeshwa na termometri. Sindano iliyo nyekundu kwa moto ina kipimo cha juu sana, lakini joto lake ni kidogo; ukiitupa katika ndoo ya maji, maji hayapati moto. Beseni kubwa la maji ya vuguvugu lina kipimo kidogo, lakini ndani yake kuna joto jingi kuliko la sindano ile.

Pili, tujue kwamba joto likiingia katika kitu linaweza kufanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kupandisha kipimo: maji ya baridi yanakuwa ya moto, chuma cha baridi kinakuwa chekundu. Kazi ya pili ni kugeuza hali ya kitu: kigumu kinayeyuka na kuwa kama maji, na maji yanageuka kuwa muvuke. Na wakati joto linafanya kazi hii ya pili, kipimo hakipandi hata kidogo.

Tulimuomba museminari wetu ajaribu jambo hilo jikoni. Aliweka sufuria ya maji motoni na termometri ndani yake. Kipimo kilipanda vizuri mpaka karibu digri 96, maji yakaanza kuchemka, na kipimo kikasimama. Aliongeza kuni. Maji yalichemka kwa nguvu zaidi, muvuke ukajaa jikoni, lakini kipimo kilibaki palepale. Akaja kutuambia: « Padri, termometri imekataa. » Termometri haikukataa. Kwanza, Kamina iko juu, karibu meta 1100 juu ya bahari, na kule juu hewa haikandamizi maji sana. Ndiyo maana hapa maji yanachemka mbele ya kufika digri 100. Pili, joto lote aliloongeza lilitumiwa kuvunja kifungo kinachoshika maji pamoja, ili yawe muvuke. Joto liliingia, lakini halikuonekana.

Mutu wa kwanza aliyelieleza jambo hilo kwa kipimo ni Joseph Black, mwalimu wa Glasgow katika Uskoti, karibu miaka 1761 na 1762. Aliliita joto hilo joto lililofichika. Leo tunajua hesabu zake. Joto linaloyeyusha kilo moja ya barafu lingeweza kupandisha kilo moja ya maji toka digri 0 mpaka digri 80. Na joto linalogeuza maji yanayochemka kuwa muvuke linazidi mara tano joto linalohitajiwa kuyatoa digri 0 na kuyafikisha digri 100. Ndiyo maana mama zetu waliopika chumvi kwa majivu ya majani ya bwawa walimaliza kuni nyingi sana. Kuchemsha maji yale hakukuwa kazi kubwa. Kazi kubwa ilikuwa kuyakausha yote mpaka chumvi ibaki chini ya chungu.

III. Ndani ya tanuru

Turudi kwenye shaba. Mgr Jean-Félix de Hemptinne, Mubenediktini, aliyeongoza misioni ya Katanga tangu mwaka 1910, alitoa katika mwaka 1926 maandiko juu ya wale aliowaita wala shaba. Kwani kwa watu wa kazi hiyo, kula shaba ilikuwa namna ya kusema kuitengeneza shaba na kuishi kwa faida yake. Kwa maandiko hayo, na kwa ushuhuda wa wengine, tunajua jinsi kazi ilivyoendeshwa.

Mavuno yalipokwisha na mvua zilipokoma, katika mwezi wa tano hivi, mukubwa wa kazi aliwaita watu. Walijenga kambi karibu na kilima cha shaba. Wanawake na watoto waliokota jiwe la kijani linaloitwa malakiti juu ya ardhi na katika vijito, wakaliosha na kulichagua. Wanaume walichimba mashimo, wakakata miti migumu, wakachoma makala. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa vichuguu vya muchwa, kwani udongo huo unastahimili moto. Halikufika urefu wa mutu. Chini yake waliacha matundu, na katika matundu wakatia mirija ya udongo, na nyuma ya mirija mivukuto ya ngozi.

Sasa tazameni kazi ya joto hatua kwa hatua. Jiwe la kijani si shaba tupu. Ndani yake shaba imefungwa pamoja na hewa na maji. Joto lisilofika digri 400 linatosha kufukuza maji yale na hewa ile, na jiwe la kijani linakuwa unga mweusi. Katika unga huo shaba imebaki imeshikana na oksijeni. Hapo makala yanafanya kazi nyingine kuliko kuwaka. Yanatoa hewa yenye kaboni, nayo inainyanganya shaba ile oksijeni yake na kutoka nayo juu. Basi shaba inabaki peke yake, lakini imetawanyika katika vipande vidogo sana. Ili vipande hivyo vikusanyike chini ya tanuru, ni lazima viyeyuke. Ni lazima basi kufika digri 1085.

Kilo moja ya shaba, ndio uzito wa musalaba mukubwa mumoja hivi, inahitaji karibu kilojuli 450 ili ipande toka baridi ya asubuhi hata digri 1085. Ikifika hapo bado ni ngumu. Inahitaji tena kilojuli 205, karibu nusu ya zile za kwanza, ili iyeyuke, na wakati huo wote haipandi hata digri moja. Kilo moja ya makala mazuri inaweza kutoa kilojuli elfu 30 hivi. Kama joto lote la makala lingeingia katika shaba, gramu 25 za makala zingetosha! Basi wingi wa joto haukukosekana hata katika moto wa mafiga matatu. Kinachokosekana pale ni haraka. Moto wa wazi unapoteza joto lake kwa upepo, kwa moshi, kwa ardhi, upesi sawasawa na unavyolitoa. Kwa hiyo kipimo chake hakipandi zaidi. Wankambo walifanya mambo mawili: walizuia joto lisitoke, kwa kuta nene za udongo wa kichuguu, na walilitoa kwa haraka zaidi, kwa mivukuto iliyopuliza hewa ndani ya makala. Makala yanayopulizwa hivyo yanaweza kufika digri 1200. Mupaka ulipitwa.

Hawakuwa na termometri, lakini walikuwa na macho. Kitu chochote kikifika karibu digri 700 kinakuwa chekundu kama damu nzito. Kikipita digri 900 kinafanana na chungwa lililoiva. Karibu na digri 1100 kinaelekea rangi ya manjano. Na moto wenye shaba ndani yake unaonyesha ndimi za kijani. Mukubwa wa tanuru alisoma rangi hizo kama sisi tunavyosoma breviari. Na alijua jambo ambalo Joseph Black alilieleza baadaye kwa hesabu: kuna saa ambapo unapuliza na kupuliza, na rangi ya moto haibadiliki, na kijana anayeshika muvukuto anadhani kazi imekwama. Ndiyo saa ya kuyeyuka. Kijana akiacha kupuliza saa ile, shaba inashikana katikati ya taka, na makala yote yamepotea bure.

Shaba ya moto wa kwanza ilikuwa bado na uchafu. Waliiyeyusha mara ya pili, kisha wakaimwaga katika forma iliyotengenezwa mbele. Hapo pia walipaswa kujua nguvu ya joto. Lita moja ya maji ikigeuka muvuke inajaza nafasi ya lita 1600 na zaidi. Shaba iliyoyeyuka ikiangukia forma yenye unyevu, maji yanageuka muvuke kwa kishindo na kuirusha shaba usoni mwa watu. Kazi hiyo ilitaka ukavu, na wakati wa kiangazi ulifaa kwa kila upande: mashimo hayakujaa maji, kuni zilikuwa kavu, na mashamba hayakuita watu.

Hapa tuone pia tofauti ya shaba na chuma. Chuma kinayeyuka kwa digri 1538, na matanuru ya wankambo hayakufika huko. Katika tanuru la chuma ni taka ndizo zilizoyeyuka na kutiririka, zile tunazoziita mavi ya chuma. Chuma chenyewe kilibaki kigumu, chenye matundu, na ilikuwa lazima kukipiga na kukipiga tena. Kwa hiyo chuma kilipata sura kwa nyundo, na shaba ilipata sura kwa forma. Kwetu Uluba, inchi ya wahunzi wa chuma, nyundo iliingia hata katika desturi ya kumusimika mulopwe. Lakini shaba, iliyoyeyuka kama maji, inapokea sura yoyote ambayo mutu ameichimba katika udongo. Neno hilo linatufikisha kwa swali la katekista.

IV. Musalaba usio Musalaba

Kama shaba inapokea sura ya forma, basi sura ya mikono mine ilichaguliwa na mutu. Aliichagua kwa kumuabudu Kristo? Hapana.

Misalaba ya kwanza iliyokutwa katika makaburi ya Sanga ni ya zamani kuliko kufika kwa Wakristo wowote katika inchi za Kongo. Tena, vipande vya zamani vya shaba ya kusini havina wote sura ya musalaba. Vingine vinafanana na herufi H, na vingine ni X katikati ya H. Hata vile vilivyozidi kuenea baadaye vinafanana zaidi na herufi X, kama musalaba wa Mutakatifu Andrea, kuliko Musalaba wa Kalvario. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyekaa kwa mulopwe Kasongo Kalombo katika miaka 1874 na 1875, alitumia mufano huohuo wa Mutakatifu Andrea katika kueleza shaba aliyoiona ikitembea sokoni. Sura hiyo ina faida zake kwa mutu wa safari: mikono inafungika kwa kamba, vipande vingi vinapangwa pamoja juu ya muti, na muzigo hautelezi begani. Na mununuzi akiiona anajua mara moja kwamba hii ni shaba ya Katanga, yenye kipimo anachokijua.

Basi kile kipande cha katekista kilikuwa fedha. Na fedha ina historia yake ya nuru na ya giza. Misalaba ya shaba ilitolewa kwa mahari, ikaunganisha jamaa na jamaa. Ilinunua chumvi, samaki, majembe. Lakini katika karne ya 19, wakati Msiri alipotawala Bunkeya hata kuuawa kwake tarehe 20 Desemba 1891, shaba, pembe za tembo na watumwa vilitembea katika njia moja. Musalaba wa shaba wa wakati ule uliweza kuwa bei ya mutu. Tulipomueleza katekista jambo hilo, alikitazama kipande chake kwa muda murefu. Hakusema tena juu ya altare.

Tunajua kwamba hadithi ya Musalaba wa wankambo inawapendeza wasikilizaji, na mwalimu wa dini anaona furaha kuisimulia. Lakini ukweli wa Injili hauhitaji musaada wa uongo mutamu. Kijana akisoma baadaye na kugundua kwamba katekista alimudanganya juu ya shaba, atajiuliza kama hakumudanganya pia juu ya Ufufuko.

V. Makatazo ya tanuru

Kubaki swali moja linalowasumbua mapadri wengi. Kazi ya shaba ilizungukwa na dawa na makatazo. Wafanya kazi walikuwa na chama chao na siri zao; dawa iliwekwa kwenye tanuru; waume walijitenga na wake zao muda wa kazi. Tuseme nini? Wengine wanasema: yote ni ushirikina, tuache kutaja. Wengine wanasema: yote ni hekima, tuyarudishe.

Tufanye kama mama anayepepeta mutama katika ungo. Kuna sehemu iliyokuwa utaratibu wa kazi: mutu anayelala kambini, asiyekunywa, asiyeshughulika na nyumba yake, atalinda moto usiku kucha. Kuna sehemu iliyokuwa shule: maneno na nyimbo za kazi zilishika hatua zake kwa mupango, katika watu wasioandika. Na kuna sehemu iliyokuwa kuomba kwa mizimu kitu ambacho Mungu amekiweka tayari katika makala na katika hewa. Sehemu hii hatuwezi kuibariki. Lakini tusisahau kwamba shaba haikuyeyuka kwa sababu ya dawa. Iliyeyuka kwa sababu watu wale walijua udongo gani, makala gani, upepo gani, rangi gani. Padri Placide Tempels, Mufransisko, aliyekaa kati ya Baluba wa inchi hii, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1945 kwamba kwa Wabantu kila kitu kina nguvu. Hatutaki kupima hapa mafundisho yake yote. Tunasema tu kwamba mukubwa wa tanuru alijua nguvu ya moto kwa mikono yake, na kwamba ujuzi huo ni elimu.

VI. Matanuru yalizimika namna gani

Katika mwaka 1892 Jules Cornet, Mubelgiji mutaalamu wa mawe, alipita Katanga na kuandika juu ya vilima vya shaba. Yeye na wale waliomufuata walionyeshwa mashimo ya wenyeji, na machimbo makubwa ya baadaye yalifunguliwa mara nyingi palepale wankambo walipochimba. Katika mwaka 1900 Comité Spécial du Katanga ilianza kutawala ardhi na haki za machimbo. Katika mwaka 1906 Union Minière du Haut-Katanga ikaundwa. Na katika mwaka 1911 tanuru kubwa la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza. Matanuru ya udongo yalikuwa yamekwisha kuzimika. Wana wa wala shaba wakawa wafanya kazi wa mushahara. Wengi hawakuambiwa kwamba jiwe lile la kijani lilikuwa limeyeyushwa na wankambo wao.

Kamina yetu nayo iliingia katika historia hiyo. Reli ya B.C.K. toka Bukama mpaka Ilebo ilimalizika katika mwaka 1928, na shaba ya kusini ikaanza kupita hapa. Magari ya moshi yaliyoivuta yalikuwa yenyewe wanafunzi wa joto: makala ya mawe ao kuni ziligeuza maji kuwa muvuke, na muvuke ukasukuma magurudumu. Hivyo kazi mbili za joto zilikutana katika stesheni yetu: shaba iliyoyeyushwa kule kusini, na maji yaliyogeuzwa muvuke hapa.

Leo sehemu kubwa ya shaba yetu haipiti tena katika moto kwanza. Inatolewa katika mawe kwa asidi na kukusanywa kwa umeme, njia iliyoanza Likasi katika mwaka 1929. Serikali ya Katanga ya mwaka 1960 iliweka misalaba mitatu ya shaba juu ya bendera yake, na katika mwaka 1961 ikaitia juu ya franka zake. Watoto wa wakati ule waliiona kila siku sokoni. Sura ilibaki, ujuzi wa moto ulikuwa umesahauliwa.

Ndiyo maana tunawaomba ninyi, ndugu waseminari, mapadri na makatekista, jambo moja la kazi. Mukienda vijijini, mukikuta kipande cha shaba, ao kipande cha murija wa udongo, ao chungu chenye mabaki ya kijani, musikiondoe haraka mahali pake. Andikeni mahali, andikeni jina analolitumia muzee kwa kila chombo, ulizeni nani alimufundisha. Kitu kilichotolewa katika ardhi bila maandiko ni kama ukurasa uliopasuliwa katika kitabu.

Katekista wetu alirudi kwake na shaba yake. Katika sikukuu ya Musalaba alihubiri juu ya Musalaba wa Bwana, bila kitu karibu na altare. Lakini kesho yake, tuliambiwa, alikiweka kipande kile katika mikono ya watoto wa katekisimo, mumoja baada ya mwingine, ili kila mutoto asikie uzito wake. Akawasimulia juu ya kijana aliyeshika muvukuto usiku, ambaye alipuliza na kupuliza akaona rangi ya moto haibadiliki, wala hakuacha. Tunadhani alikuwa akijisemea mwenyewe pia. Kwani kazi ya katekista inajua sana saa hiyo: mwaka wa pili, mwaka wa tatu, unafundisha kijiji kilekile, na kipimo hakipandi hata digri moja. Asiache kupuliza.